Uchumi wa Tanga, kutoka misafara hadi bomba la mafuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi, kwa wageni wanaoshuka stendi ya Kange wakashangaa majumba ya zamani, na kwa wenyeji waliosikia hadithi za wazee wakataka kujua zilivyokuwa. Mengi yanazunguka jambo moja: mji uliowahi kuwa wa pili nchini ulifikaje pale, na kwa nini ukapitwa. Maswali mengine yana jibu la mstari mmoja. Mengine yanahitaji mtu akae kitako.

Kabla ya Wajerumani, watu wa Tanga waliishi kwa biashara gani?

Katika karne ya 19 Pangani ndiyo iliyotangulia, Tanga ikifuata. Misafara iliondoka pwani na nguo, shanga na nyaya za shaba, ikaenda hadi Kilimanjaro na Umasaini, ikarudi na pembe za ndovu. Huko Usambara, Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vuga, na mkono wake ulifika hadi karibu na bahari. Alipofariki mwaka 1862 warithi wake wakagombana, na vita vyao vikawa chemchemi ya watu wa kuuzwa utumwani.

Pangani yenyewe ilikuwa na mashamba ya miwa kandokando ya mto, yakilimwa na watumwa. Hili wengi wetu tunalipita haraka, lakini lazima lisemwe: shamba kubwa la zao moja la kuuza ng'ambo, lenye mwenye mali upande mmoja na wasio na hiari upande wa pili, halikuletwa na Mzungu peke yake. Alilikuta, akalikuza.

Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilichukua kutoka kwa Sultani wa Zanzibar haki ya kukusanya ushuru wa forodha katika pwani yote, na pwani ikawaka moto. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza mapambano kuanzia Pangani, akakamatwa na kunyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889. Vita vile hukumbukwa kama vita vya bendera, na ni kweli, lakini usisahau forodha. Aliyeshika ushuru ndiye aliyeshika mji.

Je, Tanga iliwahi kuwa mji mkuu wa Wajerumani?

Hapana. Bagamoyo ndiyo iliyotangulia, kisha makao yakahamia Dar es Salaam mwaka 1891.

Mkonge ulifikaje Tanga?

Mkonge ulikuwa chaguo la pili. Wakulima wa Kijerumani walianza na kahawa. Walifyeka misitu ya Usambara Mashariki wakiamini kwamba udongo unaobeba miti mikubwa vile hauwezi kushindwa kubeba mibuni. Udongo ukawashinda. Mvua za milimani huosha rutuba haraka msitu ukishaondolewa, na mibuni ikadhoofika ndani ya miaka michache. Fedha nyingi za Ulaya ziliishia pale.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa ile kampuni ya Kijerumani iliyochukua ushuru wa pwani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, kwa kuwa Mexico haikutaka mmea wa Yucatán utoke nchini mwake. Miche ilipitia Hamburg, ikakaa melini muda mrefu, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge hutoa mlingoti wa maua mara moja tu maishani kisha hufa, lakini mlingoti mmoja huangusha vichipukizi kwa mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu. Ndiyo maana 62 ilitosha. Kufikia mwaka 1913 koloni lilikuwa likiuza nje takribani tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka.

Mkonge ulipenda kile ambacho kahawa ilikichukia: ardhi ya chini, joto la pwani, ukame wa miezi kadhaa. Ila ulikuwa na sharti moja lililoamua sura ya mkoa wetu. Jani la mkonge ni zito na karibu lote ni maji. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, na jani likishakatwa linapaswa kufika mashineni upesi kabla halijakauka. Kwa hiyo mwenye mashine alilazimika kuwa na shamba kubwa lililoizunguka, na shamba kubwa lilihitaji njia ya kufikisha mzigo baharini.

Kwa nini reli ya kwanza ya Tanganyika ilianzia Tanga?

Kwa sababu bandari ya Tanga imekingwa vizuri na upepo, na milima waliyoitamani walowezi iko karibu. Kazi ilianza 1893. Kampuni iliyoijenga ilifika Muheza ikaishiwa fedha, na serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899. Reli ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911, kilomita 352 kutoka baharini.

Angalia ramani yake uone ilichokusudiwa. Inatoka bandarini, inapita mashambani, inaishia kwenye zao lingine la kuuza nje. Haikuuunganisha mkoa na mikoa jirani ya kusini. Hadi mwaka 1963, kilipokamilika kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, usingeweza kupanda treni Tanga ukashukia Dar es Salaam. Miaka 70 nzima! Wakati huo huo, Vita ya Kwanza ya Dunia iliwafanya Waingereza wavute reli kutoka Voi hadi Kahe ili kupitisha majeshi, na vita ilipokwisha kipande kile kikabaki. Kahawa ya Kilimanjaro ikapata mlango wa pili kupitia Mombasa, na Tanga ikapoteza sehemu ya mzigo ambao reli yake ilijengwa kuubeba.

Nalisisitiza hili kwa sababu tunazoea kuhesabu reli kama maendeleo bila kuuliza inaelekea wapi. Reli ile ilileta ajira, ilileta karakana, iliukuza mji wa Korogwe kutoka karibu na sifuri. Lakini mkulima wa Handeni aliyetaka kuuza mahindi Dar haikumsaidia kitu.

Watu wa Tanga walikuwepo. Kwa nini mashamba yalijaa manamba, vibarua wa mkataba, kutoka mbali?

Swali hili huulizwa mara nyingi kwa namna ya kuwadharau Wabondei, Wasambaa, Wadigo na Wazigua, kana kwamba walikuwa wavivu. Waliangalia hesabu tu. Mtu mwenye shamba lake la muhogo, minazi na mahindi, anayekaa karibu na reli, aliweza kuwauzia chakula hao hao wenye mashamba na kupata fedha ya kodi bila kukatwa mikono na miiba ya mkonge. Kwa nini aende?

Serikali ilijaribu kuwalazimisha. Kodi ya nyumba ilianza 1898, rupia 3 kwa nyumba, na ilipaswa kumsukuma mtu kwenye kazi ya ujira. Usambara wanaume walipewa kadi zilizowataka wafanye siku 30 za kazi kwa Mzungu kila miezi minne. Bado wafanyakazi hawakutosha.

Basi wakatafutwa mbali. Chini ya Waingereza mikoa kama Kigoma na sehemu za kusini iliachwa bila zao la maana la biashara, na kijana wa huko aliyedaiwa kodi hakuwa na njia nyingine ila kuandikishwa. Walikuja pia Warundi, na Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha watu, SILABU, iliyowasafirisha na kuwarudisha makwao mkataba ukiisha. Mshahara uliwekwa wa mtu mmoja asiye na familia, kwa hoja kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba la kijijini. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Kasulu aliyebaki akilima peke yake alikuwa akimchangia mwenye shamba wa Korogwe bila kujua. Hapo ndipo faida ya mkonge ilipokuwa ikitoka, na vitabu vya hesabu vya mashamba havikumwandika.

Wengi hawakurudi. Ndiyo maana leo ukienda Muheza au Hale unakutana na Waha, Wamakonde na Wabena ambao babu zao wamezikwa hapa, na hawana kwao kwingine.

Kazi yenyewe ilikuwaje?

Mkataji aliingia shambani alfajiri, kabla jua halijapanda. Jani la mkonge lina mwiba mgumu mweusi nchani, na unaanza kwa kuukata huo, maana ukikuchoma jichoni habari yako imekwisha. Kisha unainama, unakata jani karibu na shina kwa kisu, moja moja, ukiacha ya juu ili mmea uendelee kuishi. Majani 30 yanafungwa fungu, mafungu yanapangwa kando ya njia, na mnyapara anapita kuhesabu. Fungu likipungua halihesabiwi. Utomvu wa mkonge unawasha ngozi, na wakataji wa zamani utawajua kwa mikono yao.

Mafungu hupelekwa kwa vigari vya reli ndogo hadi korona, mashine inayoponda jani na kukwangua nyama yake huku maji yakimiminwa. Upande mmoja zinatoka singa nyeupe zenye unyevu, upande mwingine tope la kijani lenye harufu kali. Singa huanikwa kwenye nyaya juani, halafu hupitishwa kwenye brashi, hupangwa kwa madaraja, hushindiliwa kuwa marobota.

Malipo yalikwenda kwa kipande: kadi yenye nafasi 30, kila siku ya kazi iliyokamilika ikiwekwa alama. Siku zile 30 zilitakiwa kutimia ndani ya 42. Ukiugua, ukichelewa, mnyapara akikataa fungu lako, mshahara unasogea mbele. Huu ndio mzizi wa migomo ya mwishoni mwa miaka ya 1950, iliyokifanya chama cha wafanyakazi wa mashambani kuwa miongoni mwa vyenye nguvu kubwa nchini. Kiongozi wake, Victor Mkello, hakunyamaza baada ya Uhuru, na Januari 1963 serikali yetu wenyewe ikampeleka Sumbawanga kwa amri ya kumzuia huko. Tunapaswa kulikumbuka jina lake zaidi ya tunavyolikumbuka.

Mashamba yalikuwa ya nani?

Ya Wajerumani mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia. Baada ya vita Waingereza waliyauza kama mali ya adui, na miaka ya 1920 yakanunuliwa na Wagiriki, Wahindi, Waingereza na Waswisi, na baadhi ya Wajerumani wakaruhusiwa kurudi baada ya 1925. Mwafrika hakuwa na mtaji wala hakukopeshwa.

Kwa nini mkonge ulilipa sana miaka ya 1940 na 1950?

Mwaka 1942 Japani ilikalia Ufilipino na visiwa vya Indonesia, na nyuzi zilizokuwa zikitoka huko kwenda Ulaya na Marekani zikakatika. Manowari zilihitaji kamba, majeshi yalihitaji magunia. Ghafla Tanganyika ikawa tegemeo, na serikali ikaandikisha watu kwa nguvu kwenda mashambani. Vita ya Korea ikapandisha bei tena mwaka 1951. Na wakati wa amani mteja mkuu alikuwa mkulima wa Ulaya na Amerika Kaskazini, aliyefunga nafaka na majani makavu ya mifugo kwa kamba ya mkonge.

Kufikia Uhuru mkonge ulikuwa ukileta karibu theluthi moja ya fedha za kigeni za Tanganyika, na watu zaidi ya laki moja walifanya kazi mashambani. Hakuna nchi iliyozalisha mkonge zaidi yetu. Uzalishaji ulifika kileleni mwaka 1964, takribani tani 230,000.

Je, ni kweli Azimio la Arusha ndilo lililoua mkonge?

Hili ndilo swali linalogombanisha watu vijiweni, na jibu langu ni kwamba wanaosema ndiyo wanaanza hadithi katikati.

Bei ilianza kuporomoka mwishoni mwa 1964, zaidi ya miaka miwili kabla ya Azimio la Februari 1967, lililofuatwa na kutaifishwa kwa mashamba. Kufikia 1967 ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya ilivyokuwa kileleni. Sababu ni mbili na zote ziko nje ya Tanga. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kutengeneza kamba za plastiki kutokana na mafuta ya petroli, nyepesi na zisizooza. Na Brazil ilikuwa imeongeza mkonge wake kwa kasi. Mpango wa kwanza wa miaka mitano wa serikali, uliozinduliwa 1964, ulitegemea mapato ya mkonge; fedha hizo hazikuja. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi walikuwa wameshapunguzwa kabla serikali haijagusa shamba hata moja.

Kuna jambo la kiufundi ambalo bila kulielewa utalaumu mtu asiyehusika. Mkonge hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka kama mitatu, na huendelea kukatwa mpaka unapotoa mlingoti, miaka kumi hivi tangu kupandwa. Ukiacha kupanda upya leo, shamba litaonekana zima kwa miaka kadhaa. Majani yanakuja, marobota yanatoka, mahesabu yanapendeza. Kisha siku moja milingoti inajitokeza kila upande na hakuna kilicho nyuma yake. Wenye mashamba wengi waliacha kupanda upya bei ilipoanguka, na waliohisi mali itachukuliwa wakaacha kabisa. Shirika la mkonge lililoundwa baada ya kutaifisha lilirithi mashamba ambayo yalikuwa yameshaanza kufa kwa ndani.

Hapo nimelitetea Azimio. Sasa upande wa pili. Mwaka 1973 na 1974 bei ya mafuta ilipanda duniani, plastiki ikawa ghali, na mkonge ukapanda bei kwa kishindo. Ilikuwa nafasi ya dhahabu. Hatukuwa na mkonge wa kutosha shambani, kwa sababu kupanda upya kulikuwa kumepuuzwa na shirika nalo. Miaka iliyofuata shilingi iliwekwa juu ya thamani yake halisi, kwa hiyo kila robota lililouzwa kwa dola lilimrudishia mzalishaji shilingi chache. Vipuri vya korona havikupatikana kwa kukosa fedha za kigeni, fedha ambazo mkonge ndio uliozileta! Meneja aliyekuwa Korogwe alisubiri kibali cha Dar es Salaam kununua mkanda wa mashine huku majani yakinyauka. Hilo halikuletwa na soko la dunia. Tulijifanyia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mashamba yalipobinafsishwa, nchi ilikuwa ikizalisha tani 20,000 hivi.

Kwa nini hatukusokota kamba wenyewe tukauza kamba badala ya singa?

Tulijaribu. Viwanda vya kusokota vilijengwa, na cha Ngomeni, Muheza, ndicho kinachofahamika zaidi. Lakini wanunuzi wa Ulaya walikuwa na viwanda vyao vya kamba, na nchi zao ziliweka mlango mpana kwa singa ghafi na mlango mwembamba kwa kamba iliyokamilika. Ukileta robota, karibu. Ukileta kamba, lipa ushuru. Kwa hiyo faida ya hatua ya mwisho ilibaki kwao, na hatari ya hali ya hewa na ya bei ikabaki kwetu.

Nadhani kosa kubwa la Tanga lipo hapa, kabla na baada ya kutaifisha. Kwa miaka sabini tulikuwa hodari wa kuzalisha kitu kimoja chenye mteja mmoja kwa matumizi mamoja. Asilimia 96 ya jani tuliimwaga mitoni. Mwenye mashamba wa kikoloni hakujali kwa kuwa alikuwa akipeleka faida kwao. Sisi tulipochukua tuliendelea kuhesabu mafanikio kwa tani za singa, kipimo kile kile cha mkoloni.

Kiwanda cha mbolea kilifungwa kwa nini?

Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza 1972 na kikafungwa 1991. Wazee waliofanya kazi pale bado wanakizungumzia kwa uchungu, na haki yao, maana kililisha familia nyingi.

Wazo lilikuwa zuri: nchi ya wakulima itengeneze mbolea yake. Shida ilikuwa malighafi. Fosfeti, salfa na amonia vyote vilitoka ng'ambo kwa meli, vikalipiwa kwa dola. Mbolea iliyotoka iliishia kuwa ghali kuliko ambayo ingeagizwa ikiwa tayari, na tofauti ikafidiwa na serikali. Nchi ilipokosa fedha za kigeni, mitambo ikalala. Mgodi wa fosfeti wa Minjingu, Manyara, ulifunguliwa 1983 ili kukipatia kiwanda fosfeti ya nyumbani, lakini ulikuja umechelewa, na ukabeba malighafi moja tu kati ya hizo.

Linganisha na saruji. Kiwanda cha Pongwe kilianza 1980, katika miaka migumu zaidi ya uchumi wetu, na kiko hai. Kimekaa juu ya chokaa, mwamba ule ule uliotoboka ukawa mapango ya Amboni. Saruji ni nzito, hivyo kuisafirisha kutoka mbali ni gharama, na hilo linampa kinga mzalishaji wa hapa. Viwanda viwili, mji mmoja, serikali moja, na tofauti kubwa ni kile kilichokuwa ardhini.

Viwanda vingine viliishia wapi?

Cha vyuma, cha sabuni ya Foma, vya mbao: baadhi vilikufa, baadhi vilibadilisha mikono. Kilichonifurahisha katika miaka ya karibuni ni maziwa. Tanga Fresh ilikua tangu miaka ya 1990 juu ya vyama vya ushirika vya wafugaji wadogo, watu wenye ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba. Maziwa yanatoka kwa mwenyeji, yanasindikwa hapa, yananyweka Dar es Salaam. Fedha inazunguka mkoani.

Ni kweli Tanga ilikuwa mji wa pili nchini?

Ndiyo. Sensa ya 1967 iliikuta na watu zaidi ya 60,000, ikiwa nyuma ya Dar es Salaam tu, na mbele ya Mwanza na Arusha kwa mbali. Mitaa ya Ngamiani iliyopangwa kwa namba za barabara ni alama ya ukuaji ule.

Mbona bandari ya Tanga ilipitwa na Mombasa na Dar?

Kina. Gatini palikuwa na mita 3 hivi za maji, kwa hiyo meli kubwa zilitia nanga nje, na mzigo ukateremshwa kwenye matishari, tishari likavutwa hadi gatini, makuli wakaupakua mara ya pili. Kila robota liliguswa mara mbili. Kwa mkonge hilo lilivumilika. Kwa makontena haliwezekani, na dunia ilipohamia kwenye makontena Tanga ikabaki nyuma.

Upanuzi uliofanywa miaka hii, uliogharimu takribani Sh bilioni 429, umechimba kina hadi mita 13 na kujenga gati ambalo meli inafunga moja kwa moja. Kwa maoni yangu ni uwekezaji wenye maana kubwa kuliko wowote uliofanyika mjini kwa nusu karne, kwa sababu haujafungwa kwenye zao moja. Anayetaka kupitisha mbolea, magari au klinka anaweza.

Mkonge unafufuka kweli?

Unafufuka, ila pole pole. Serikali iliuingiza kwenye mazao ya kimkakati na kuweka lengo la tani 120,000 kufikia 2025, lengo ambalo lilikuwa juu mno ya uzalishaji wa wakati huo. Kilichobadilika kwa kweli ni nani analima. Katika mashamba ya zamani ya Korogwe kama Hale, Magunga, Magoma, Mwelya na Ngombezi, wakulima wadogo wana vipande vyao na wamejiunga katika AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima. Mjukuu wa manamba sasa anamiliki mkonge wake.

Lakini korona bado si yake, na mwenye korona ndiye mwenye neno. Mkulima aliyekata akikosa zamu ya mashine, jasho lake linakauka juani. Anayetaka kuingia kwenye kilimo hiki aulize kwanza korona iko wapi, inafanya kazi siku ngapi kwa wiki, na inakata kiasi gani kwa kila tani ya singa, kabla ya kuuliza bei ya miche.

Soko nalo limepanuka. Singa zinakwenda kwenye mazulia, kwenye jipsamu za dari na kuta, kwenye kung'arishia vyuma. Hale palijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na yale mabaki tuliyokuwa tukiyamwaga.

Bomba la mafuta la Chongoleani litaleta nini?

Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi rasi ya Chongoleani, na kilomita 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida, kwa hiyo bomba linapashwa moto njia nzima. Linaweza kupitisha mapipa 216,000 kwa siku. Kampuni ya Ufaransa TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa, Tanzania kupitia shirika lake la mafuta, TPDC, na Uganda kupitia shirika lake asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China 8.

Ajira nyingi ni za wakati wa ujenzi. Bomba likishafukiwa linahitaji walinzi na mafundi wachache. Kwa mwenyeji, kinachobaki ni kile atakachokidai sasa: vijana wafundishwe ufundi wa kuchomelea na matengenezo, halmashauri ipate ushuru wake, wavuvi wa Chongoleani wasifungiwe bahari, na waliohamishwa walipwe kinachostahili. Serikali inapata mapato ya kupitisha mafuta na gawio la hisa zake, lakini fedha hizo zinaingia hazina ya taifa, na kiasi kinachorudi Tanga kitategemea madiwani na wabunge wetu wanavyouliza.

Nikitaka kujionea historia hii, nianzie wapi?

Anza Makumbusho ya Urithi, kwenye boma la zamani la Wajerumani mjini, wana picha za mji, bandari na reli. Kutoka hapo stesheni ya treni haiko mbali. Ukiwa na siku nzima, panda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kupitia Muheza. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa kilimo huko mwaka 1902, na njiani utapita mashamba ya mkonge na kisha msitu wenyewe, ule walioudhani utafaa kwa kahawa. Ukitaka kuona korona ikifanya kazi, omba ruhusa ofisi ya shamba mapema, nenda asubuhi, na vaa viatu vya kufunika mguu.